Mwisho wa Tatu

Wafanyakazi wa jumba la kuonyeshea nyota walimwita Kasuku, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Mtu aliyelipwa kuzungumza gizani zaidi ya nusu ya maisha yake atalikataaje? Milango ikishafungwa na taa kuzimwa, alisimama kwenye kipaza sauti kando ya mlango na kumwaga maneno mpaka watu wakasahau kwamba juu yao hapakuwa na mbingu, bali dari la mviringo lililopakwa rangi nyeupe na kuvuja kidogo upande wa vyoo. Mkewe walimwita Fundi. Huyo alikaa katikati ya ukumbi, kwenye meza ya mitambo, akaiendesha ile mashine nyeusi yenye vichwa viwili iliyotawanya nyota darini. Kasuku akisema usiku, Fundi analeta usiku. Akisema asubuhi, Fundi anapandisha taa taratibu, watu wanapepesa macho na kupiga makofi. Walianza kazi hivyo kabla hawajaoana, na Kasuku alipenda kusema kwamba mwanamke akikufuata neno kwa neno gizani bila kukuona, kutafuta mwingine ni ukaidi.

Fundi alifariki mwanzoni mwa mwaka. Na alasiri hii mashine yake ilikuwa inawashwa kwa mara ya mwisho, kwa sababu mitambo mipya ilishafika na mafundi wake walikuwa nje, wamekalia masanduku, wakinywa chai.

"Mzee wangu," meneja alimwambia, kijana mwenye adabu nyingi na haraka nyingi zaidi, "onyesho moja tu la kuagana, halafu tuwaachie wenzetu wafungue bolti."

"Moja linatosha," Kasuku alijibu. Lilikuwa jibu fupi mno kwake, na meneja alimtazama mara mbili.

Kilichomkaa mzee rohoni ni mwisho wa tatu. Onyesho lao lililopendwa kuliko yote lilihusu jinsi ulimwengu utakavyokwisha. Kwa kuwa wanasayansi wenyewe hawajaafikiana, Kasuku alieleza nadharia tatu, kisha akawaomba watu wanyooshe mikono kuchagua ipi waione. Ya kwanza waliiita Kurudi: ulimwengu unaotanuka unachoka kutanuka, unageuza njia, na kila kilichotawanyika kinarudi kukutana mpaka vyote viwe nukta moja ya moto. Ya pili, Kuchanika: nguvu inayousukuma ulimwengu inazidi ukali, inatenganisha kwanza makundi ya nyota, kisha jua na sayari zake, mwishowe hata chembe ndogo kabisa. Ya tatu ni Kupoa. Humo hakuna kishindo. Ulimwengu unaendelea tu kutanuka. Nyota kubwa zinaishiwa nishati kwanza, kisha za kati, kisha zile ndogo nyekundu zinazojua kubana matumizi, mpaka isibaki hata moja na baridi iwe ile ile kila mahali.

Watu, kama unavyowajua, walichagua kishindo. Mara chache ilipotokea wakachagua Kupoa, Kasuku hakuiacha ifike. Nusu ya nyota hazijazimika, kiti kinalia, mtoto anakohoa, yeye anainama kwenye kipaza sauti: "Na sasa, asubuhi." Fundi anapandisha taa. Hakuwahi kukaidi hata siku moja.

Lakini jikoni walizozana. Kupoa aliitengeneza Fundi kwa mikono yake mwenyewe, vifuniko vya bati vidogo kama ukucha, kila kimoja na tundu lake la nyota, vikifungwa na mota aliyoitoa kwenye feni mbovu.

"Ndiyo nadharia yenye ushahidi kuliko zote," alisema huku akimenya vitunguu.

"Na ndiyo isiyo na watazamaji."

"Watazamaji hawajawahi kuiona. Wewe mwenyewe hujawahi kuiona."

"Giza nalijua, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Hulijui. Ukiliona tu linakuja, unaita asubuhi."

"Basi niambie, mwishoni kuna nini?"

Fundi alicheka. "Bandu bandu huisha gogo. Siku moja acha liishe, utajua."

Kisha yakaja maradhi, na Kasuku akawa Kasuku zaidi. Pale wodini alizungumza na wauguzi, na wagonjwa wa vitanda vya jirani, na wageni wao. Alizungumzia paa watakalolikarabati, safari watakayokwenda, wajukuu watakaokuja iwapo binti yao ataacha kuchagua wanaume kama anachagua miwani dukani kwake. Jioni moja Fundi alimshika mkono wa shati.

"Nyamaza kidogo," alimwambia. "Nina jambo nataka kukwambia."

Kasuku alimwona usoni kwamba jambo lenyewe si la paa. Akaogopa. Huo ndio ukweli wake wote: aliogopa. Akamfunika shuka vizuri, akasema, "Pumzika kwanza. Asubuhi tutazungumza."

Fundi alimtazama, akatabasamu upande mmoja. "Haya," akasema. "Asubuhi." Akafumba macho kama alivyoambiwa, na asubuhi hakuiona.

Majuto ni mjukuu, na huyu wa Kasuku hakuwa na usingizi. Tangu msiba ule alihubiri Kurudi kama mtu aliyelipwa na chama. Aliwaambia watoto wa shule kwamba hakuna kinachotawanyika moja kwa moja. Walimu wawili watatu walinong'ona kwamba ushahidi hausemi hivyo, naye alijua hausemi hivyo. Usiku alilala upande wake wa kitanda na kujiuliza lilikuwa jambo gani. Pole? Lawama? Wosia wa binti? Na taratibu ikamwingia fikra nyingine ambayo hakuthubutu kumwambia mtu: mwanamke yule hakuwa mjinga, alimjua mumewe. Huenda jambo lile alilihifadhi mahali. Huenda liko mwishoni mwa Kupoa, nyuma ya kifuniko cha mwisho. Jina lake kwa nukta za mwanga, labda. Neno moja tu. Na mafundi walikuwa nje na spana zao.

Ukumbi ulijaa nusu. Binti yao, aliyejifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza ile ya mitambo na ambaye siku hizi huliacha duka lake la miwani kila alasiri ili kushika nafasi ya mama yake, aliwasha mashine. Kasuku alieleza nadharia zote tatu. Mikono ikaanza kunyooka.

"Leo hatupigi kura," alisema. "Leo ni Kupoa. Na tutafika mwisho."

Binti aligeuka kutazama upande wa sauti, lakini gizani hakuna cha kutazama. Akabonyeza swichi.

Nyota kubwa za buluu zilianza kuondoka, moja hapa, moja kule. Kasuku alieleza kidogo, kisha maneno yakamwishia, jambo ambalo halijawahi kutokea mbele za watu. Ikabaki mota ya feni ikinguruma. Kiti kililia. Mtu mmoja akaguna, wengine wawili wakapapasa njia na kutoka. Neno asubuhi lilimpanda mpaka kwenye meno, akalimeza. Nyota za kati zikaisha. Zikabaki nyekundu, chache, kama makaa yaliyosahauliwa jikoni, nazo zikawa zinakwenda moja moja, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka wala hasira.

Ikabaki moja. Kasuku alishika nguzo ya kipaza sauti kwa mikono miwili. Mke wangu, alisema moyoni, haya, sema.

Kifuniko kikafunga. Mota ikasimama yenyewe.

Hapakuwa na jina. Hapakuwa na neno wala picha wala sauti iliyorekodiwa. Alikodoa macho mpaka yakamuuma, akakodolea kila pembe ya dari, na dari lilikuwa giza tupu, kazi safi, kazi ya fundi asiyeacha tundu likivuja. Uchungu aliokuwa ameufukuza kwa maneno tangu wodini ukamjia mzima mzima. Fundi hakumwachia kitu. Alichotaka kumwambia alitaka kumwambia kwa kinywa chake, jioni ile, na alichohitaji ni mume wa kunyamaza.

Gizani sauti ya mtoto mmoja iliuliza, "Halafu?"

Kila mtu alimsubiri Kasuku. Alikuwa na majibu ya halafu ya kutosha maisha mawili.

"Halafu basi," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kasuku alisikia kitu ambacho katika miaka yote ile hakuwahi kukisikia, kwa kuwa hakuwahi kunyamaza: watu wakipumua. Ukumbi mzima, karibu naye na mbali, wakipumua gizani na hawaondoki. Hao ndio Fundi aliokuwa akiwasikia kila siku, pale katikati, huku mumewe akipayuka. Kasuku alilia bila kujificha, maana wa kumwona hayupo, na aliyekuwa akimjua bila kumwona hayupo pia.

Nje ya mlango meneja aligonga kwa adabu.

"Baba," binti yake alinong'ona kutoka kwenye meza ya mama yake, na sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Nilete asubuhi?"

"Bado, mwanangu," alisema mzee. "Mwache mama yako amalize."