Kumwombea Lemeya

Gabrieli alichoma shamba lake asubuhi moja mwishoni mwa Septemba, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Shamba lilikuwa mteremkoni, kwenye milima inayotazama Masanze, na marehemu baba yake alikuwa amemfundisha kwamba moto hauwashwi kabla ya kukata njia ya moto, ukanda uliofyekwa ili moto usivuke, kuzunguka shamba zima. Mwaka huo alikata nusu. Mgongo ulimuuma, akajiambia kwamba upande wa juu kuna mawe, moto ukifika pale utakufa wenyewe.

Haukufa. Upepo ulipanda kutoka bondeni, moto ukavuka mawe kama mtu anavyovuka kijito, taratibu, bila hata kulowa. Gabrieli alisimama akiutazama. Baadaye alikuja kusema kwamba dakika zile chache zilikuwa kama za ndotoni, pale unapotaka kupiga kelele na mdomo haufunguki. Kisha akakimbia. Hakukimbilia kwenye moto, alikimbilia nyumbani. Akanawa, akabadili shati, akakaa kitandani mpaka kengele ya kanisa ilipogongwa kuita watu. Hapo ndipo akatoka na wenzake, akakata matawi, akauzima moto pamoja nao kama mtu aliyeitwa.

Hadi alasiri mizinga kumi na minne ya nyuki ya mzee Tomasi ilikuwa imeungua, pamoja na kihenge chake chenye mahindi ya mwaka mzima. Tomasi alikuwa jirani yake na mzee wa kanisa. Alimshika Gabrieli mkono, akayaangalia malengelenge.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umeungua kwa ajili yangu."

Siku ya pili mtendaji wa kijiji aliitisha kikao. Mtu mmoja akasema wafugaji ndio huchoma nyasi ili zichipue upya. Mwingine akasema Lemeya alionekana na ng'ombe wake asubuhi ile. Lemeya alikuwa mfugaji wa Kiparakuyo aliyekaa kitongojini miaka minane. Watoto wake wakubwa walisoma shule ya pale, na nusu ya nyumba zilinunua maziwa kwake. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, amejifunga shuka yake ya lubega, fimbo mabegani.

"Gabrieli," mtendaji aliuliza, "shamba lako ndilo lililo karibu na moto ulikoanzia. Ulimwona Lemeya?"

Alikuwa amemwona. Walikuwa wamesalimiana chini kabisa, mtoni, ng'ombe wakinywa maji.

"Nilimwona," Gabrieli akasema.

"Wapi?"

"Huko. Kulikuwa na moshi."

Hakusema zaidi, wala hakuulizwa zaidi. Lemeya alimtazama bila hasira, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Gabrieli hakuimalizia. Kabla ya wiki kwisha, Lemeya alihama na mifugo na watoto kuelekea Mikumi. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Watu walisikia kwato zikipita muda mrefu, ng'ombe wenyewe hawakuwaona.

Tangu siku hiyo Gabrieli aliacha kushiriki meza ya Bwana. Alikuwa akitoka kanisani kabla ya watu kupanga mstari, akisema ana tumbo. Mwisho akaacha hata kwenda. Akamwambia mkewe Magreti kwamba anakwenda Ruhembe kukata miwa msimu huo. Magreti alimfungia unga na blanketi.

Ruhembe miwa huchomwa kwanza ndipo ikatwe, ili majani makavu yaondoke. Gabrieli hakuwa amelifikiria hilo. Kila walipochoma, masizi yalipanda juu sana, yakaelea, kisha yakashuka polepole juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya vichwa vya watu, membamba na meusi kama mabawa ya vipepeo. Watoto waliyakimbiza uani wakicheka. Yeye aliyaona yakimfuata. Alikata miwa ameinamisha kichwa, na jua la saa nane lilipowaka mpaka hewa ikatetemeka, alianza kuona ng'ombe wakipita katikati ya miwa, wengi, bila sauti, hawakanyagi chochote.

Siku ya kumi alianguka shambani kwa homa. Wenzake walimbeba hadi kwa Selestina, mjane aliyewapikia wakata miwa uji na wali maharage na kupangisha vyumba viwili vya uani. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa. Kwa siku nne Gabrieli alilala mkekani chini ya mchungwa, akielea kati ya usingizi na mwanga. Majani ya mchungwa yalimjia usoni kisha yakarudi juu. Alimwona baba yake akikata njia ya moto kuzunguka ua wa Selestina, akikata bila kuchoka, na alipotaka kumwambia, "Baba, acha, nimeshachoma," ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Jumamosi asubuhi alipozinduka, ua ulikuwa umejaa watu. Wanawake kumi hivi na wanaume watatu walikaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, mshumaa ukiwaka mezani.

"Ni jumuiya yetu ya Kikatoliki," Selestina alimwambia. "Leo inasali kwangu. Wewe lala tu."

"Mimi ni Mwanglikana, mama."

"Homa ilikuuliza dhehebu? Lala."

Walisali, wakaimba. Kisha mwenyekiti wao, mzee Donati, mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akasema kila mmoja ataje mtu mmoja wa kuombewa. Wakaanza kutaja. Binti aliye na mimba. Kaka aliyeko gerezani. Baada ya kila jina wote waliitikia pamoja, kwa sauti ya chini, "Ee Bwana, utusikie," na kwa Gabrieli sauti hiyo ilikuwa kama maji yanayopita chini ya nyumba. Zamu ikamfikia. Alikuwa amepanga kumtaja Magreti. Akafungua kinywa.

"Lemeya," akasema.

Alishtuka mwenyewe. Lakini jina lilikuwa limeshatoka, na watu kumi na watatu ambao hawakuwahi kumwona Lemeya walikuwa wameshainamisha vichwa.

"Ee Bwana, utusikie."

Homa ilimwachia, akarudi shambani. Jumamosi iliyofuata alikwenda jumuiya, hakujua kwa nini. Mama mmoja mlangoni akamshika mkono. "Lemeya anaendeleaje?"

"Nani?"

"Si yule mgonjwa wako? Nimemwombea wiki nzima."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Walidhani Lemeya ni ndugu yake aliyelala hospitali. Waliuliza kama anakula sasa, kama anaweza kuketi. Gabrieli alijibu, "Anaendelea," kisha usiku usingizi ukamkimbia. Kule kwao watu walikuwa wamemfukuza Lemeya kwa sababu yake. Huku watu walikuwa wakimtaja Lemeya mbele za Mungu kwa sababu yake, na katika makundi yote mawili yeye peke yake ndiye aliyejua.

Jumamosi ya tano mzee Donati alikuja na papai kubwa, amelifunga kwenye kitambaa kama mtoto.

"Ukienda kumwona Lemeya mpelekee hili. Ni la mti wangu. Mgonjwa akikosa hamu ya chakula, papai linamrudisha."

Gabrieli alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na joto la jua. Akaketi chini pale pale, akalia, papai mapajani, na watu wakadhani Lemeya amefariki. Selestina ndiye aliyeinama karibu naye.

"Amekufa?"

"Si mgonjwa, mama. Hajawahi kuwa mgonjwa." Akawaeleza yote: njia ya moto aliyoikata nusu, shati, kikao, ng'ombe mtoni. Alisema kwa sauti ndogo, macho kwenye papai.

Kuku walipita katikati ya mikeka. Mwisho mzee Donati akakohoa.

"Kumbe mgonjwa tulikuwa naye hapa hapa," akasema, bila kejeli yoyote.

Selestina alimwambia Gabrieli ainuke, akampa maji. "Sisi umetuambia, na Mungu amesikia. Yeye alikuwa anajua kabla hujafika Ruhembe, na bado alikuacha upone. Hilo ulifikirie. Lakini sisi hatukuunguliwa na kitu, mwanangu. Nenda kwa waliounguliwa."

"Naogopa."

"Nenda na woga wako. Tutakuwa tunaomba. Safari hii tunajua tunachoomba."

Aliondoka Jumatatu. Pale Mikumi ilibidi asubiri gari la Kilosa, na wakati akisubiri, malori makubwa yalipita, mengine yakielekea Dar, mengine yakielekea Zambia. Dereva mmoja alisimama kununua mahindi ya kuchoma, akamuuliza kama anahitaji lifti. Ingekuwa rahisi. Gabrieli aliyatazama malori yakififia kwenye joto la lami mpaka yakawa maji, na moyoni akasema, "Bwana, nishike nisipande." Ndiyo sala pekee aliyoweza. Gari la Kilosa lilipofika akapanda.

Magreti alikuwa mlangoni akichagua maharage kwenye ungo. Gabrieli alimwambia kabla hata ya kuketi. Mkewe hakuacha kuchagua.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nani alifua lile shati? Ulilivua kengele haijagongwa. Lilinuka moshi wakati hakuna aliyejua kuna moto."

"Mbona hukusema?"

Magreti aliweka ungo chini. "Mimi ni mkeo. Nikajiambia nikinyamaza nakulinda. Kila nikipita pale alipokuwa anakaa mke wa Lemeya na watoto wake, nageuza uso." Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Ukienda kusema, usidhani unakwenda peke yako."

Jumapili Mchungaji Theodory aliwaruhusu wasimame mbele kabla ya meza ya Bwana. Gabrieli alisema, na alipokwama Magreti alisema. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, na kanisa lilionekana kama limeng'oka ardhini linaelea. Mzee Tomasi alisimama, akachukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakurudi. Mchungaji hakumfuata. Alimwekea Gabrieli mkono kichwani, kisha Magreti, akawaombea msamaha wa Mungu, akaongeza polepole ili wote wasikie: "Msamaha huu haufuti kazi mliyonayo. Unawapa nguvu ya kuifanya."

Kazi ilikuwepo. Mtendaji alimfokea mbele ya kikao kizima, akaandika upya maelezo ya moto, na kikao kikaamua Gabrieli amjengee Tomasi kihenge kipya na kukata njia ya moto ya kitongoji chote kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Baadhi ya watu waliacha kumsalimia. Mmoja alitema mate alipopita.

Alijenga kihenge kwa wiki mbili. Tomasi alikaa kizingitini akimtazama. Gabrieli alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, baba," na mzee aliitikia, "Marahaba," kwa kuwa shikamoo haikataliwi, basi. Siku ya tisa Tomasi alinyanyuka, akaja karibu.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Kila siku namwomba Mungu anisaidie, na naona hana haraka."

"Nitangoja, baba."

"Ngoja. Lakini hiyo kamba ikaze. Panya watapita."

Mwezi Januari, mvua zikiwa zimetulia kidogo, Gabrieli na Magreti walikwenda Mikumi kumtafuta Lemeya. Walikuwa na barua ya mtendaji iliyosema kwamba hana kosa na anaweza kurudi. Wakamkuta mnadani, kati ya ng'ombe na vumbi. Alikuwa amekonda. Gabrieli alipomaliza kusema, Lemeya aliikunja barua bila kuisoma.

"Sirudi. Nimeshapata malisho hapa, na watoto wameanza shule." Alimtazama ng'ombe mmoja akinyonyesha. "Shule ya kule, watoto wenzao waliwaita watoto wa mchoma kijiji. Mkubwa wangu alipigana. Niliwaambia sikuchoma, lakini baba yeyote angesema hivyo. Haya uliyoniambia mimi nayajua. Njoo uwaambie wao."

Walitembea mwendo wa saa nzima, nyasi ndefu za mvua za vuli zikiwafika kiunoni, Lemeya mbele. Mbele yao milima ilikuwa ya buluu, na kila walivyoikaribia ndivyo ilivyosogea mbali. Bomani watoto watano walikuja mbio, wakainamisha vichwa vyao mbele ya wageni ili waguswe, kama wanavyofunzwa kuwaamkia wakubwa. Gabrieli aligusa kimoja kimoja. Vilikuwa vya moto kwa jua.

Wakakaa chini ya kivuli cha banda. Gabrieli aliwaambia kwamba moto ule aliuwasha yeye, kwamba asubuhi ile baba yao alikuwa mtoni akinywesha ng'ombe, na kwamba yeye alimwona huko na akadanganya. Aliyasema mara mbili, kwa sababu mvulana mkubwa alisema, "Rudia." Mama yao alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Magreti alikwenda kusimama kando yake, na mama yule hakumkaribisha wala hakusogea.

Msichana mdogo kabisa, ambaye Kiswahili kilikuwa bado hakijamwingia, alimvuta baba yake lubega, akauliza jambo kwa lugha yao.

"Anauliza kwa nini hukusema siku ile ile," Lemeya akatafsiri.

Gabrieli alifikiri. Zilimjia sababu nyingi, na kila moja ilikuwa na mkia mrefu.

"Mwambie niliogopa."

Lemeya alimwambia. Mtoto alimtazama Gabrieli, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu analolielewa, akakimbilia kwa ndama. Wengine wakamfuata. Mama yao aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka na vikombe viwili vya maziwa. Kimoja alimpa Magreti. Cha pili alikiweka chini, mbele ya Gabrieli, akarudi mlangoni.

"Kunywa," Lemeya akasema. "Jua ni kali, na mnarudi mbali."