Mkia Uko Wapi

Siku nne Lamduan hakumsemesha mumewe, na sababu ilikuwa kinu. Cheka ukitaka. Kilikuwa kinu cha jiwe alichoachiwa na mama yake, na ndicho kilichomlisha miaka yote aliyouza kachumbari ya mayai ya mengda wa baharini pale gatini. Prachuap, mwepesi wa kutoa vitu vya nyumbani bila kuuliza, alikiazimisha hekaluni kwenye karamu ya watawa, kikarudi na ufa toka mdomoni hadi kitakoni. Lamduan alipoanza kulia, yeye akacheka.

"Mama Ampha, hilo ni jiwe, si mtu!"

Basi. Lamduan akanuna, na mwanamke huyu akinuna hununa kweli. Chakula alipika, nguo alifua, mdomo akaufunga.

Prachuap alijaribu kila mbinu. Alikuwa akizungumza na paka kwa sauti kubwa, akimuuliza kama mwenye nyumba bado ana hasira, halafu anajijibu mwenyewe kwa sauti ya paka. Lamduan aliwahi kukaribia kucheka, akajiuma ulimi. Siku ya nne, adhuhuri, Prachuap akarudi na ndoo. Ndani yake mlikuwa na mengda wawili waliojaa mayai, viumbe wale wa baharini wenye gamba gumu kama sufuria iliyofunikwa, waliokuwa wamenasa kwenye wavu wa jirani yao Wichian.

"Leo napika mimi," akamwambia paka. "Mwambie bibi mkubwa akae atulie, ataletewa."

Lamduan alikuwa kibarazani akiparua samaki. Hakugeuza shingo, lakini jicho moja lilikuwa jikoni. Alimwona akiwalaza mengda chali juu ya makaa, akikwangua mayai yao ya manjano, akitwanga pilipili ndani ya kile kinu chenye ufa. Alimwona akikatakata embe bichi vipande vinene kama vya kulisha mbuzi, akikamua ndimu, akimwaga sosi ya samaki bila kuonja. Mwanamume huyu hakuwahi kupika kitu tangu waoane. Moyo wa Lamduan ulianza kulainika, nao akaukemea.

Kisha akaona kuwa mengda wale hawakuwa na mikia.

Mengda wako wa aina mbili. Mmoja mkia wake una pembe tatu, na huyo huliwa watu wakalamba vidole. Mwingine mkia wake ni wa mviringo kama penseli, na kuna misimu mayai yake huwa na sumu ambayo moto hauiui na ndimu haiipunguzi. Magamba yao yanafanana, mayai yao yanafanana. Miaka yote pale gatini Lamduan hakuwahi kugusa yai kabla ya kuviringisha mkia kati ya vidole vyake. Wavuvi nao wana tabia ya kuivunja mikia ili kuokoa nyavu zao.

Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Mkia uko wapi? Maneno matatu tu. Lakini alikuwa ameapa hatakuwa wa kwanza kusema, na angemwona Prachuap akirukaruka kwa furaha ya kushinda. Tena, alijiambia, aliyempa ni Wichian, mtu aliyezaliwa majini. Akalimeza swali lake na kuendelea kuparua samaki.

Prachuap alimletea bakuli, akalifunika kwa sahani na kuliweka karibu na goti lake. Lamduan akampa mgongo. Yeye akaenda kula peke yake kwenye mkeka, akiisifu kachumbari yake kwa paka.

Haukupita muda mrefu akaita, "Mama Ampha, midomo yangu imekufa ganzi."

Lamduan akaona ni mbinu nyingine. Akaparua.

"Na ulimi. Vidole pia, vinanichonyota. Mama Ampha, sifanyi mzaha." Maneno yalikuwa yanamtoka mazito, kama ya mlevi. Halafu bakuli lilianguka. Lamduan alipogeuka, alimkuta anataka kusimama na miguu haitaki, macho yamemtoka, yanamtazama yeye. Neno lake la kwanza baada ya siku nne hakumwambia mumewe. Alimwita Wichian kwa ukelele uliowatoa majirani nje.

Samniang, dada mkubwa wa Prachuap, alikuja mbio na dafu. "Mnyweshe! Litaosha sumu!" Maji yakaingia njia isiyo yake, Prachuap akapaliwa, na hata kukohoa hakuweza. Wakampakia nyuma ya pikapu ya Wichian. Hawajaimaliza barabara ya mashamba ya chumvi, kifua chake kikaacha kupanda.

Lamduan alijua la kufanya. Mhudumu wa afya wa kijiji aliwahi kuwafundisha akina mama, kwa ajili ya watoto wanaozama. Akambana mumewe pua, akaweka mdomo juu ya mdomo na kupuliza, na kifua kikapanda. Akapuliza tena. Alikuwa na mengi ya kumwambia, kwamba yameisha, kwamba kinu si kitu, kwamba embe lile alilikata vibaya mno na angelila lote. Lakini mdomo unaopuliza hauwezi kusema. Akayaweka maneno yake, atamwambia akiamka.

Walipofika darajani, Samniang alimshika bega.

"Wifi, acha. Tazama macho hayapepesi. Tazama mikono ilivyolegea. Mdogo wangu ameshaondoka, usiisumbue roho yake."

Lamduan alitazama. Ni kweli hayakupepesa. Alipuliza mara mbili zaidi, kisha nguvu zikamwishia, akaacha. Akakivua kitambaa chake cha kichwani na kumfunika uso. Toka hapo hadi hospitali aliyekuwa akisema ni Samniang peke yake, akilia, "Umekufa kwa mdomo wako, Prachuap! Umekufa kwa uroho wa mayai!"

Muuguzi alikitupa kile kitambaa, akagusa shingo ya Prachuap na kupiga kelele. Moyo ulikuwa bado unapiga, kwa mbali. Wakamkimbiza ndani, wakamtia mpira kooni na kumfunga kwenye mashine.

Wichian alisimama ukutani, kofia mkononi. "Mikia imebaki mtumbwini," alisema. "Nilimwambia, kaka, mwonyeshe mama Ampha kwanza, yeye ndiye anayewajua. Akasema sawa, atakuonyesha."

Lamduan akaketi kwenye benchi la mlangoni.

Jioni daktari, binti wa umri wa Ampha, mtoto wao, alikuja akaketi kando yake. Alimweleza polepole. Sumu hii haina dawa yake. Inalegeza misuli yote, hata ile ya kuvuta pumzi, na baada ya siku moja au mbili hutoka mwilini yenyewe. Kazi ni moja tu, kumpumulia mgonjwa hadi itoke. Ubongo wa Prachuap ulikosa hewa njiani, kabla hajafikishwa hapa, na sasa hauonyeshi dalili ya kuamka.

"Nilimpulizia mimi, hadi darajani," Lamduan alisema. "Macho yake yalikuwa yamekufa, mwanangu."

"Hayakuwa yamekufa, mama. Yalikuwa yamelegea kama mwili mwingine wote. Na watu wa sumu hii akili huwa wanayo. Waliopona wametusimulia, walisikia kila kitu."

"Kila kitu?"

Daktari akainuka, akamfungulia mlango wa chumba cha mgonjwa. Nadhani alitamani kulirudisha neno lake.

Lamduan aliingia chumbani. Mashine ilikuwa ikipuliza, kifua kikipanda na kushuka vizuri kabisa, kuliko alivyoweza yeye. Akaketi, akainama hadi midomo yake ikagusa sikio la mumewe. Yale maneno yote aliyomwekea aliyatafuta na hakuliona hata moja. Lililokuja ni lile alilolimeza adhuhuri, na safari hii hakulizuia.

"Baba Ampha," alisema. "Mkia uko wapi?"

Akangoja ajibiwe.