Ala ya Mkono wa Kushoto

Mguu wa mama huyu, kichwa cha mama yule, na wote wawili hawajuani.

Kitendawili hicho mume wangu Revelian alinitegea mwaka tulipohamia Kibamba, nyumba ikiwa chumba kimoja na bati halijatosha. Nikakuna kichwa nikashindwa, nikampa mji. Nilimpa Bukoba, maana ndiko tulikotoka na ndio mji ulioniuma kuutoa. Akaenda zake Bukoba pale pale alipokaa, akala senene, akasalimiwa na wakwe, akalala kitanda cha chuma, ndipo akarudi kunipa jibu. Ni mche uliobebeshwa. Chini mlimau, juu mchungwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake miaka thelathini na kitu. Anakata kijiti kwenye mchungwa uzaao vizuri, anakichonga kama ulimi, anapasua mche wa mlimau, anakipachika humo na kufunga kwa utepe wa nailoni. Miche iko kwenye viriba vyeusi, imejipanga kuanzia ukuta wa nyumba hadi karibu na barabara ya mtaa. Na kazi yote hiyo aliifanya kwa kisu kimoja cha kukunja, mpini wa pembe, bapa limenolewa hadi limekonda. Kisu hicho hakikuwahi kukata nyama wala kitunguu. Mie mwenyewe sikuwahi kukigusa zaidi ya kukiokota akikisahau, na hata akinipa nimshikie hakunipa mkononi. Alikiweka chini, nikaokota. Kwao wanasema kisu cha mkono kwa mkono kinaleta ugomvi.

Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kikamwangusha bafuni. Akapona kufa, lakini upande wa kulia ukalala. Mkono ukawa unaning'inia kama nguo iliyoanikwa, na maneno yakawa yanatoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Nilipomwambia "kitendawili", nikangoja aseme "tega" kama zamani, alinitazama tu, kisha akatazama ukuta.

Na miche ilikuwa inakua. Mia mbili na ushee ya mlimau, imefikia unene wa penseli, na unene huo ndio wa kubebesha. Ukiipita wiki chache ganda linakomaa na kijiti hakishiki tena, unabaki na malimau ambayo hakuna aliyekuja kuyatafuta. Binti yetu Monica, anayefundisha shule Mbezi Luis, alikuja Jumamosi akaniambia mbele ya baba yake kwamba kuna kijana anaitwa Praygod, fundi mzuri, atamaliza yote kwa siku tatu. Revelian akaweka mkono wa kushoto juu ya mfuko wa kulia wa suruali, akaupata kwa shida.

"Changu," alisema. "Kisu. Changu."

Monica akatoka nje kulia. Mie sikulia. Nilikuwa nautazama ule mkono wa kushoto jinsi ulivyohangaika kufika mfuko wa kulia, na ala ya ngozi aliyokuwa akikitilia zamani jinsi ilivyokuwa imeoza kwa maji ya kumwagilia, mshono umefumuka. Nikajiambia, huyu bwana kisu hajakiacha, ila hakifikii. Nikimpa ala ya upande wa kushoto atafanya kazi kabla miche haijakomaa. Asipofanya, nilijua nitamzika mtu ambaye bado anapumua.

Jumatatu nikaenda Temeke kwa Hudhaifa. Huyu ni kijana wa Kiarabu, si kijana tena, ana mvi za kidevuni. Babu yake alikuwa akishona matandiko ya punda, baba yake makubazi, yeye makubazi na mikanda na chochote chenye ngozi. Alinipa shikamoo na kigoda, nikatoa ndani ya leso kisu nilichokichomoa mfukoni mwa Revelian akiwa usingizini, nikakiweka juu ya meza yake.

"Bibi, unaenda kumchinja nani na hiki?"

"Babu yako, huyu mume wangu, akiendelea kuninunia."

Akacheka, akanitolea ala tatu. Ya kwanza nyeusi inang'aa, ina kifungo cha kubana. Ya pili ya ngozi ya mbuzi, laini kama sikio, imeshonwa kwa uzi mwekundu, na moyo wangu ukaipenda hapo hapo. Ya tatu ya ngozi nene ya ng'ombe, rangi ya udongo, haina urembo, ngumu kama kwato.

Nikaukalia mkono wangu wa kulia. Hudhaifa alishangaa. Ile nyeusi kifungo chake kilinishinda, maana kukibandua kunataka mkono mwingine ushike. Ile ya mbuzi kisu kilitoka vizuri, lakini kikishatoka ala inasinyaa na mdomo unafumba, kukirudisha ni sawa na kumlisha mtoto asiyetaka uji. Ile mbaya ya ng'ombe mdomo ulibaki wazi unaningoja. Nikaingiza, nikatoa, nikaingiza tena.

"Babu mkono wa kulia umemwacha?" Hudhaifa aliuliza taratibu.

Nikamwambia ndiyo. Akaacha kutania. Alinieleza namna ya kuifanya ngozi ikijue kisu: niiloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi iache kutoa mapovu, nikifunge kisu kwa nailoni kisiote kutu, nikisokomeze humo, nibonyeze kwa vidole kila upande, kisha niiache ikauke kivulini. Jua lingeipasua. Ikikauka niipake nta ya nyuki kwa ndani na nje.

Nikafanya vyote hivyo kimya kimya jikoni. Ngozi ilipokauka ilikuwa na umbo la kisu kabisa, hata uvimbe wa mpini unauona. Lakini nilipoifunga kwenye mkanda wangu na kuvuta kwa mkono mmoja, ala nzima ikapanda na kisu hadi kwapani. Nikatoboa chini yake kwa sindano nene ya kushonea viatu, nikapitisha kamba ya ngozi ya kufungia pajani, ikatulia. Kisha nikaukata mdomo wake kwa mbele kama mwezi mchanga, kidole gumba kipate pa kuingia. Siku nne zikaisha. Kila asubuhi nilikuwa naipima miche kwa penseli ya shule ya mjukuu, na ilikuwa bado haijaipita.

Siku ya tano nikamvalisha. Nilimfunga mkanda, nikamfunga kamba pajani, nikasimama pembeni kama mama anayempeleka mtoto darasa la kwanza. Mkono wa kushoto ukashuka. Kidole gumba kikaingia kwenye kile kimwezi. Akavuta, kisu kikatoka laini, hakuna kilichopanda. Aliniangalia, na upande mmoja wa mdomo, ule mzima, ukainuka. Tangu bafuni sikuwa nimeuona ukiinuka.

Kisha akakitazama kisu mkononi mwake. Kilikuwa kimelala, kimejikunja. Akakigeuza. Akajaribu kukibana kidevuni. Akakibana kwapani upande uliolala, kikadondoka. Nikaokota. Akakiweka mdomoni auvute upande wa bapa kwa meno, ndipo nikaelewa nilichokifanya.

Visu vyangu vya jikoni havijui kulala. Unakichukua kinakata, unakiweka kinangoja. Miaka yote hiyo nilimwona akifanya kazi na sikuwahi kuona kwamba kabla ya kukata kuna ukucha wa kushoto unaoliamsha bapa wakati kulia kumeshika mpini. Nilitengeneza nyumba nzuri ya kisu, nikasahau kwamba mwenye nyumba hawezi kuamka peke yake.

Nilimwambia anisubiri, nitarekebisha. Akaning'iniza kichwa.

Kesho yake nikarudi Temeke. Hudhaifa alipata aibu kuliko mie, akasema yeye ndiye fundi na yeye ndiye aliyepaswa kuliona. Alikaa na kisu kile tangu asubuhi hadi adhuhuri. Akakaza kijino cha shaba kwenye mgongo wa bapa, karibu na msumari linapozungukia, na mdomoni mwa ala akakata pengo dogo. Ukivuta kisu, kijino kinanasa kwenye pengo, bapa linafunguka lenyewe kwa mlio mmoja. Nikajaribu kwa kushoto. Mara ya kwanza nikashtuka, ya pili nikacheka. Alikataa kabisa nimlipe kwa kazi hiyo ya pili, akasema nimpelekee mchungwa.

Siku iliyofuata tukatoka nje mapema, kabla jua halijapanda. Revelian akakaa kwenye kigoda chake katikati ya miche. Nilikuwa nimekata vijiti, nimevifunika kwa gunia bichi kama alivyokuwa akifanya yeye. Akavuta. Bapa likafunguka, tak. Akatikisa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa usahihi.

Akabana kiriba kwa magoti, akaweka makali kwenye mche. Mche ukainama, ukakimbia. Akausogelea tena, ukakimbia upande wa pili. Mche haushikwi na magoti, unashikwa na mkono. Alipoukata ulikatika kwa mshazari, umechanika ganda. Akachukua wa pili. Ukachanika. Wa tatu nikamwambia, Baba Monica, ngoja nikushikie. Hakukataa. Nikachuchumaa mbele yake, nikaushika kwa vidole viwili, na mkono wake wa kushoto, ambao maisha yake yote haukuwahi kukata kitu, ukateleza ukapita juu ya mche ukanifikia mimi.

Halikuwa jeraha kubwa. Lakini damu ilikuwa nyingi, ikadondokea kwenye kiriba, na yeye akaiona. Nikakifunga kidole kwa utepe ule ule wa nailoni, nikasema si kitu, lete mwingine. Hakuleta mwingine. Alikaa anautazama udongo unavyoinywa.

Mchana ukafika. Nilimpikia ndizi, akala vijiko vitatu. Nilipotoka kuosha vyombo nikamkuta anahangaika na kamba ya pajani. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Fundo nilikuwa nimelikaza kwelikweli. Alilifukua kwa ukucha, akapumzika, akalifukua tena. Kuku wakapita, mwadhini akaadhini alasiri, fundo likaachia. Akaja kwenye mkanda. Mwisho akaitoa ala na kisu chake ndani, akanyoosha mkono, akaviweka juu ya meza mbele yangu, akaondoa mkono.

"Tega," alisema.

Miezi minne nilikuwa nalingoja neno hilo, na liliponifikia sikuwa na kitendawili hata kimoja kichwani. Nilivyovijua vyote vilitoroka. Kilichobaki ni kile cha kwanza, kwa hiyo nikakisema hicho hicho.

"Mguu wa mama huyu, kichwa cha mama yule, na wote wawili hawajuani."

Aliitazama miche, safu kwa safu, hadi ile ya barabarani. Jibu alikuwa nalo. Yeye ndiye aliyenifundisha, na miaka thelathini na kitu hajawahi kushindwa kitendawili mbele yangu. Nikangoja.

"Mji," alisema. "Chukua mji."

"Upi?"

"Kibamba."

Kanuni inataka aliyepewa mji autembelee kwa maringo, aseme alivyopokelewa na alivyokula. Mie sikuutembelea. Niliichukua ala, nikajifunga. Imetengenezwa kwa ajili ya kushoto na mie ni wa kulia, ikabidi nivute kwa kukatiza tumbo, na mara mbili za kwanza kijino kilininasa kwenye khanga.

Siku hiyo nilibebesha kumi. Aliniongoza kwa neno moja moja. Chini. Ndefu. Kaza. Baada ya wiki tatu, minane ilikuwa imekauka, miwili imetoa jicho la kijani dogo kama mbegu ya mchicha. Nilimpelekea aone. Akaigusa, akasema vizuri, kisha akageuza kiti chake kikatazama barabara, na hadi leo kinatazama huko. Praygod alikuja akamalizia iliyobaki kabla haijakomaa. Alitumia kisu chake.

Hudhaifa nilimpelekea mchungwa mmoja kati ya ile miwili. Akaniuliza kama anishonee ala ya kulia. Nikakataa. Akaiangalia kamba ya pajani, akasema basi angalau aitoe aweke bizimu kama ya mkanda, ifunguke mara moja.

Nikamwambia aiache. Kila jioni nikimaliza kazi ya miche namvalisha Revelian ala yake, namfunga kamba fundo la kukaza, naye kila asubuhi analifungua mwenyewe ili nipate kisu. Inamchukua hadi chai inapoa. Mie nakaa pale, simharakishi.