Milisho ya Daktari Timoth

Kabla ya semina ya Mbeya, hospitali ile ya Sumbawanga mjini ilikuwa na madaktari wa kawaida. Baada ya semina ilibaki na madaktari waliopitwa na wakati, pamoja na Daktari Timoth. Hayo ni kwa mujibu wa Timoth mwenyewe.

Semina ilikuwa ya siku mbili, na ya pili ilikatishwa mapema kwa sababu ya chakula cha mchana, lakini kwa mtu mwenye kipaji ilitosha. Alifundishwa kwamba msomi wa leo hahangaiki kufungua tovuti ya jarida moja baada ya jingine. Anajiunga na milisho yake, na makala mpya zinamfuata zenyewe kwenye simu, kila moja ikiwa na kichwa chake na mistari mitatu ya muhtasari. Timoth alijiunga na milisho ya moyo, figo, ngozi, macho na wazee, na mmoja wa magonjwa ya farasi ambao uliingia kwa bahati mbaya akaona haya kuufuta. Walisema pia kwamba ukitaka makala nzima unabonyeza kichwa chake. Hilo la kubonyeza hakulipatia nafasi. Mtu anayeletewa mapya kila dakika atarudi saa ngapi kusoma ya asubuhi?

Kwenye kikao cha asubuhi, mwenzake akianza tu kueleza mgonjwa wake, Timoth alikohoa kidogo na kusema, "Kuna utafiti mpya." Wauguzi walitazama saa. Daktari Mboje, aliyekulia kwenye zizi la baba yake huko Bonde la Rukwa na kwa hiyo alikuwa na subira ya kutosha, alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea na dawa ileile aliyokuwa ameandika.

Tungemwachia Timoth raha yake, kwani debe tupu nalo lina haki ya kuvuma. Tatizo ni kwamba alikuwa na mama.

Mama Josefina alikaa Mwimbi, mjane wa miaka sabini na minne, mkulima wa mahindi na ulezi. Mwaka juzi alipata kiharusi kidogo. Mdomo ulipinda, ukarudi, na tangu hapo Mboje alimwandikia aspirini ndogo ameze kila siku ili kiharusi kisirudi. Alimeza kwa utii uleule aliosalia rozari.

Mwezi wa nne, Timoth akiwa nyumbani kwake Milanzi, pale mjini, anangoja chai ipoe, mlisho wa wazee ulileta habari. Kwa wazee waliozidi miaka sabini, aspirini ya kila siku haikuzuia kiharusi, na iliongeza hatari ya kutokwa damu. Utafiti huu uliwahusu... Hapo muhtasari ulikatika, pakabaki vidoti vitatu. Timoth aliviona vidoti hivyo, akavichukulia kuwa ni mapambo.

Alipiga simu palepale. "Shikamoo mama. Ile aspirini uiache leo hii."

"Marahaba, baba. Niiache? Si ndiyo inayonilinda?"

"Utafiti mpya, mama. Haiwasaidii wazee. Inatoboa tumbo tu."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Chai ilikuwa imepoa vizuri, akainywa.

Mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imeshaingia mifupani, wodini alilazwa mzee mwenye kiharusi, na Mboje akamwandikia aspirini. Timoth akakohoa. Safari hii alikohoa mbele ya mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, ambaye alifurahi mno kupata kijana anayesoma, akamwomba Ijumaa awasilishe makala hiyo yote, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa faida ya wenzake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Timoth alikubali kwa tabasamu pana.

Alhamisi jioni, kwa mara ya kwanza tangu Mbeya, akabonyeza. Kuna mlango wa mtandaoni ambao hospitali za nchi kama yetu huruhusiwa kuupitia ili kusoma majarida bila malipo, na nywila yake ilikuwa imebandikwa ukutani mwa ofisi, juu ya kichwa chake, siku zote. Makala ikafunguka. Utafiti huu uliwahusu wazee ambao hawajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Kwa waliokwisha kupata, sentensi iliyofuata ilisema wazi, matokeo haya hayahusiki, na dawa isikatishwe.

Hakuwa mjinga. Alielewa mara moja. Mama yake alikuwa amekaa miezi miwili bila kinga, na aliyemvua kinga hiyo ni yeye. Aliogopa kama mtoto, akapiga simu.

"Shikamoo mama. Ile aspirini, anza tena. Sasa hivi."

"Siwezi, baba."

"Zimeisha?"

"Zipo. Ila nilishatangaza jumuiyani kwamba haifai, mwanangu kasoma. Mzee Eustaki naye kaacha. Redempta mwenyekiti akasema tuulize kwanza zahanati, nikamwambia zahanati hawana mtoto kama wangu. Leo nimeze, halafu niwaambie nini? Kwamba wewe hujui?"

"Waambie nilikosea."

"Mimi siwezi kumsema mwanangu hivyo. Njoo useme mwenyewe. Jumamosi wanasali hapa kwangu." Akakata simu.

Ijumaa hakwenda, kwa kuwa alikuwa na wasilisho. Alisimama mbele ya wenzake akasema imebainika kwamba muhtasari haukuakisi kikamilifu walengwa wa utafiti. Mganga mfawidhi akapiga makofi. Mboje peke yake ndiye aliyeelewa kwamba mtu amekiri kosa, akainamisha kichwa kuficha meno.

Jumamosi alifika Mwimbi na vumbi lote la njiani. Wanajumuiya walikuwa wamekaa uani kwenye mikeka na mabenchi, wamejifunika makoti na mablanketi, pembeni ya turubai lililoanikwa ulezi. Walisali, wakasoma Injili, wakaimba beti zote bila kuruka hata moja. Ilipofika zamu ya matangazo, Redempta akampa nafasi.

"Imebainika kwamba ile habari ya aspirini..."

"Imebainika na nani, baba?" aliuliza Mzee Eustaki, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa bado mzito tangu kiharusi chake.

"Na mimi, mzee."

"Na aliyekosea ni nani?"

Timoth alitafuta ile sentensi ya jana, akaona hapa haitapita. "Mimi. Makala ina kurasa kumi, nikasoma mistari mitatu. Wewe na mama mmeshapata kiharusi, dawa hiyo ni yenu. Mlipaswa kuendelea. Nitakupima leo kabla sijaondoka, uanze tena."

Mzee Eustaki hakuwa amemaliza. "Na ile ya kuchemsha maziwa uliyotufundisha zamani, nayo ulisoma mistari mitatu?"

Uani wakacheka. Hawakumcheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma. "Ile ni kweli, mzee," alisema, na hata yeye alisikia sauti yake inavyoomba.

"Haya, tutaona."

Mama Josefina hakucheka. Alikuwa ameinamia kitenge chake, na watu walipoanza kuaga aliinuka akaingia jikoni. Timoth alimfuata. Alimkuta amekaa kwenye kigoda karibu na moto, kikopo cha dawa kikiwa mapajani mwake, kifuniko hakijafunguliwa.

"Nisamehe, mama. Nimekuaibisha."

"Nimeshakusamehe. Aibu yangu nitaimaliza mwenyewe." Alichochea kuni. "Lakini Timoth, kila ukinipigia simu unanisomea. Moyo umefanya hivi, figo imefanya vile. Mimi nakusikiliza tu, halafu unakata. Hujawahi kuniuliza nimeamkaje."

Ilikuwa kweli tupu. Akachuchumaa mbele yake.

"Umeamkaje, mama?"

Akamnyooshea kile kikopo amfungulie. "Huu mkono wa kushoto umekufa ganzi, baba. Tangu juzi, siku ile uliyopiga."