Tundu Kwenye Ubao wa Nyuma

Hasira zilimpanda Mzee Patasi hata kabla hajavua viatu. Jina hilo alipewa na maseremala wenzake, maana kwa miaka thelathini na mitano hakuna aliyewahi kumwona akipiga msumari pale ambapo patasi na gundi vingetosha. Sasa alikuwa ametoka mara moja tu kununua msasa, na kurudi anakuta fundi umeme amekuja, ametoboa tundu kwenye ubao wa nyuma wa kizimba kilichomtoa jasho wiki tatu, na ameshaondoka. Tena tundu lenyewe limekwenda upogo! Pembeni yake yule mshenzi alikuwa ameandika kwa kalamu nzito: USITOE WAYA.

"Ameniharibia," alifoka peke yake. "Hana adabu hata ya kuuliza!"

Kizimba kilikuwa cha chatu. Bintiye, mhudumu wa kliniki ya wanyama, alimwokota chatu huyo akiwa amekonda kama mkanda, akamlisha mpaka akanona, na sasa alimpenda kuliko mchumba yeyote aliyewahi kumleta nyumbani. Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kazini, alimtia chatu kizimbani, akamweleza baba yake taratibu: fundi umeme atafunga balbu ya joto juu, ndani ya wavu wa chuma, na atapitisha ndani waya mwembamba wa kupima joto. Joto likizidi, waya huo unaizima balbu.

"Usiguse kitu, Baba. Nakuomba."

"Mimi niguse nini? Nyoka wako?"

Nyoka hakumgusa. Aliuvuta ule waya nje, akachonga kigingi cha mbao ileile, akakigonga tunduni, akapiga msasa mpaka maandishi ya yule mshenzi yakawa vumbi. Waya akaubandika kwa nje. Joto ni joto, alijiambia, na ubao wenyewe unene wake sentimita mbili tu. Akapaka vanishi, akarudi nyuma hatua tatu kutazama, roho ikatulia. Kisha akaenda zake karakana.

Saa tisa mchana alipoingia kunywa maji, harufu ya mbao inayoungua ilimpokea mlangoni. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa mvua ulikuwa ukiupiga waya pale nje ulipobandikwa. Waya ulipima ubaridi wa chumba, na balbu haikuzima hata mara moja. Ubao wa juu ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa. Chatu alikuwa amejikunyata kwenye kona, mdomo wazi, ngozi ya mgongo imebabuka. Mzee alichomoa plagi, akatia mikono yote miwili ndani, yeye aliyeapa kwamba hatamgusa mnyama yule hata kwa fimbo. Wavu ukamchoma vidole.

Bintiye alimkuta ameketi sakafuni, kando ya beseni lenye chatu na taulo mbichi. Hakumsalimia. Alilitazama jeraha muda mrefu.

"Atapona?" aliuliza mzee.

"Sijui."

Akazunguka nyuma ya kizimba, akauona waya ulivyobandikwa, akatoa simu.

"Wewe ni fundi au mchoma moto? Nilikwambia waya ukae ndani!"

"Dada, niliupitisha ndani," sauti ya fundi umeme ilijitetea. "Nilitoboa, nikaandika kabisa..."

"Uliandika wapi? Hapa hakuna hata tundu! Usinifanye mjinga!"

Mzee alisikia yote. Akamwacha kijana wa watu atukanwe. Hasira zilizompanda sasa zilikuwa za nafsi yake mwenyewe, na zilimchoma kuliko wavu.

"Mwache," alisema mwishowe. "Ni mimi. Nililiziba."

Binti alikata simu. Mzee alingoja kelele, na angezishukuru, lakini hazikuja.

"Toboa," alisema binti.

Mzee alichukua keekee yake ya kutobolea, akapiga magoti nyuma ya kizimba. Akavaa miwani. Akaupapasa ubao kwa vidole vilivyoungua, juu, chini, tena juu. Bintiye alikuwa amesimama na waya mkononi, akisubiri, na kazi ya mzee ilikuwa safi mno hata mwenyewe hakuona tundu lilikuwa wapi.