Kidonge cha Jumapili

Kocha hakuwa mtu wa kuweka kitu mezani; alikibwaga. Siku ile alibwaga rundo la fomu juu ya kaunta ya duka la dawa kwa kishindo, kioo kikaingia ufa, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakarudi nyuma bila kuambiwa. Akamweleza mfamasia kwamba baada ya wiki tatu anasafiri na watu wake sita kwenda kwenye pambano la mkanda, kule tambarare za kinamasi ambako malaria haipigi hodi. Alitaka dawa ya kuzuia, ile ya kidonge kimoja kwa wiki, kwa wote, na alitaka leo. Mabondia wake wana ngumi nzuri na vichwa vya kuku, alisema. Ukiwapa kidonge cha kila siku, siku ya tatu wamesahau.

Mfamasia akazipitia fomu moja moja. Swali la nne liliuliza kama msafiri amewahi kuugua akili au kuwa na kifafa. Zote sita zilijibu hapana, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Kocha alikuwa amewajazia watu wake hadi maradhi. Na fomu ya tano ilikuwa ya mdogo wake mfamasia, kitinda mimba wa mama yao, bondia waliyempa jina la Kimya kwa sababu akishinda hashangilii.

Hapana ile ilikuwa uongo. Miaka saba nyuma, Kimya akiwa na miaka kumi na tisa, alikaa siku tano bila kulala, akisema redio ya jirani inamsengenya. Siku ya sita akachukua mchi, akaisaga redio ya watu, na mama alipomshika akamvunja mkono. Mfupa ulitoka nje ya ngozi. Majirani waliambiwa mama kateleza bafuni na kijana kaenda kusomea uchomeleaji, kumbe yuko wodini, kafungwa kitandani kwa mikanda. Alitibiwa, akapona, akarudi, akaingia kwenye ngumi. Mama akawaapisha wanawe kwamba neno hilo halitatamkwa, si nje wala ndani, si hata mbele ya mwenyewe aliyeugua. Na huyo mama ndiye bingwa wa kuwaambia wenzake kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali nyingine tunaziweka kwa ajili ya watoto wa jirani.

Kidonge cha wiki kwa watu wengi hakina neno. Lakini aliyewahi kuugua akili hapewi, wala mwenye kifafa hapewi, kwa sababu kinaweza kuamsha kilicholala, na kikishaingia mwilini hukaa humo wiki na wiki. Mtu kama huyo hutafutiwa kingine. Mfamasia alilijua hilo hata usingizini.

Kwanza akashughulikia fomu ya sita, ya mzee wa bendeji, yule anayewafunga mabondia mikono kabla ya glavu. Figo zake zilikuwa mbovu, jambo ambalo Kocha alilitaja mwenyewe kwa mdomo. Mfamasia akamchagulia kidonge cha kila siku kisichoelemea figo, akaeleza sababu, na Kocha akaitikia kwa kichwa. Figo haina aibu, unaweza kuitaja hata sokoni. Lakini alipoweka pakiti nyingine ya vidonge vya kila siku juu ya fomu ya Kimya, Kocha akauliza huyu naye ana nini. Mfamasia akisema kweli, chama cha ngumi kitamfutia mdogo wake leseni kabla jua halijazama. Akasema ni tumbo. Kocha akacheka: mtu anapigwa ngumi za tumbo kila siku, leo kidonge ndicho kimemshinda. Akakusanya dawa zake akaenda.

Pale kwenye ukumbi wa mabondia kulikuwa na utaratibu ambao mfamasia hakuujua. Dawa ya wiki huanzwa kabla ya safari, kwa hiyo Jumapili ya kwanza, baada ya mbio za asubuhi, Kocha aliwapanga kando ya kamba za ulingo, akamwekea kila mmoja kidonge kwenye ulimi kwa mkono wake, akampa maji, kisha akamfumbua mdomo kama anayenunua punda. Kimya alisema ana vyake, alivyopewa na dada yake. Kocha akavitoa mfukoni mwa Kimya, akavimwaga kwenye mtaro, akamchapa kofi lililompasua mdomo, akamwambia hapa hakuna kudekezwa na dada, kisha akamlisha cha wiki kutoka pakiti ya mwenzake.

Jioni ile Kimya alipita kwa dada yake na mdomo uliovimba, akauliza swali moja tu.

"Dada, hiki cha wiki kina ubaya gani kwangu?"

Hapo ndipo pa kusema, na mtu alikuwa mbele yake, na mlango ulikuwa umefungwa. Lakini neno ambalo hujalitamka miaka saba huota mizizi kooni. Alifikiria mkanda, akafikiria mama, akajiambia kwamba kesho atakwenda kuzungumza na Kocha faraghani.

"Hakina ubaya," akasema. "Kitakusumbua tumbo kidogo. Meza tu."

Kesho ikazaa kesho. Jumapili ya pili Kimya alimeza, na ya tatu alimeza. Jumatano iliyofuata, saa tisa alasiri, mama alipiga simu dukani akinong'ona. Kijana hajalala siku nne. Chakula chake anampa kwanza paka. Ametoka sasa hivi na begi la mazoezi, na alipokuwa akivaa viatu alikuwa akizungumza na ukuta. Mfamasia hakumsubiri mama amalize. Aliacha duka wazi na mteja ndani, akakimbia mitaa minne na koti lake jeupe.

Alisikia kengele ya ulingo kabla ya kuingia ukumbini. Ilikuwa inagongwa mfululizo, na hakuna aliyeitii. Ulingoni, Kimya alikuwa amembana mwenzake wa mazoezi, jitu refu waliloliita Mnara, kwenye kona ya kamba. Mnara alikuwa ameshalegea; kamba ndizo zilizomshikilia. Kila kichwa kilipoanguka mbele, ngumi ilikirudisha. Jicho moja lilikuwa limezama ndani ya uvimbe na damu ilimtoka sikioni. Kimya alipiga bila hasira na bila haraka, kama mtu apondaye kokoto za kazi ya siku.

Kocha, aibu yake hii, dakika moja kabla alikuwa akishangilia, akiwaambia wengine watazame bingwa anavyofanya kazi. Sasa alipanda kumtenganisha, akapigwa ngumi moja, akaanguka chali na meno mawili juu ya kifua chake.

Wengine wakamvamia. Mmoja alimpiga Kimya kwa stuli mgongoni, stuli ikavunjika, na yeye akageuka akamng'ata aliyempiga bega hadi nyama ikaachia. Wakamwangusha. Wakamfunga miguu kwa kamba ya kurukia, na alipokwisha fungwa ndipo walipoanza kumpiga sawasawa, kwa viatu, kwa mguu wa stuli, mbavuni na kichwani, wakisema amekula bangi, wakisema avunjwe mikono huyo asiue tena. Kulikuwa na furaha katika kipigo kile, ile ya watu walioogopa na sasa hawaogopi. Mzee wa bendeji alikuwa amepakata kichwa cha Mnara, anaita jina lake, haitikiwi.

Mfamasia alipita chini ya kamba akajilaza juu ya mdogo wake. Teke la kwanza lilimwingia ubavuni, akasikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. La pili lilisimama hewani.

"Msimpige, ni mgonjwa," akasema, na pumzi zilimkata. "Aliugua akili zamani. Dawa ya Jumapili haikuwa yake. Mimi nilijua."

Ukumbi mzima ulimsikia. Leseni, mkanda na kiapo cha mama vilikwisha katika sentensi hizo fupi, na alijishangaa jinsi zilivyokuwa nyepesi kutamka. Kocha alikuwa ameketi sasa, ameshika taya.

"Tumbo," akasema Kocha, na damu ikamchuruzika kidevuni. "Uliniambia tumbo, dokta. Ungesema ni kichwa, nisingempa kidonge kile. Mtazame Mnara wangu."

Mfamasia hakuthubutu kumtazama Mnara. Alimwinamia Kimya, akamfuta damu machoni kwa ncha ya koti. Chini yake mwili ule ulikuwa umetulia. Kimya alikuwa akimwangalia kwa macho makavu yasiyolala, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi yalionekana kumwona mtu aliye mbele yake.

"Wiki nzima namwambia mama kuna mtu wa nyumbani ananilisha kitu kibaya," akasema polepole. "Mama anasema naota."

Mfamasia akamshika mabegani.

"Kumbe nilikuwa na akili zangu," akasema Kimya, akatabasamu kwa mdomo uliopasuka. Kisha akamtemea damu usoni, na dada yake hakujifuta, akaendelea kumshikilia hivyo hivyo mpaka watu wa hospitali walipokuja na mikanda.