Mahali Dau Linapowekwa

Jumapili moja mchana, Verna Goodsky alikuwa anakoroga supu ya mchele wa ziwani katika jiko la ukumbi wa bingo wa kabila lake la Wenyeji Asilia wa Marekani, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, mwanamume mrefu alipotokea kando ya friji. Alivaa soksi bila viatu, simu mkononi. Alisema anaitwa Halvorsen, daktari wa meno kutoka Duluth. Alikuwa kwenye kochi lake, akabeti mechi kwa simu, mara akajikuta hapo.

"Usisimame karibu na moto," Verna alimwambia, akampa bakuli.

Kufikia mapumziko ya mechi ukumbi ulikuwa umejaa. Alikuwemo mama mwenye vibanio kichwani, fundi bomba na spana yake, na bwana harusi aliyebeti kwa siri kanisani. Yeyote aliyebeti kwenye mtandao wa kamari wa kabila, popote alipokuwa jimboni, alitokea pale. Bwana harusi peke yake ndiye aliyeomba lifti.

Orrin, mpwa wa Verna na mwenyekiti wa baraza la kabila, alijawa na furaha. Kwa miaka mingi alikuwa amebishana na serikali kuu ya Washington, kwa kuwa sheria iliruhusu kabila kuchezesha kamari ndani ya ardhi yake tu. Yeye alishikilia kwamba mtambo unaopokea madau umo ukumbini, katika ardhi ya kabila, kwa hiyo dau linawekwa hapo. Washington ikasema dau linawekwa alipo mchezaji. Mapato ya madau hayo ndiyo yaliyoendesha zahanati ya kabila, na humo ndimo Verna alimosafishwa damu tangu figo zake zichoke.

"Shangazi, watasema nini sasa? Wachezaji wenyewe hawa hapa, wanakunywa supu yako."

"Waambie waoshe bakuli."

Washington ilimtuma mkaguzi, Bwana Pruitt, mtu mpole mwenye tai ya kijani. Alitaka kuhakikisha mwenyewe. Aliendesha gari hadi nje ya mpaka wa ardhi ya kabila, akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akabeti. Alirudi ukumbini papo hapo, mikono bado imekunjwa kama iliyoshika usukani. Verna akamkaribisha mkate wa kukaanga na jamu.

Alikula kwanza, kisha akatoa uamuzi.

"Nimeridhika kwamba watu wako hapa," alisema. "Lakini kidole kilibonyeza kule."

"Na kidole kimebaki kule?" Verna aliuliza.

Pruitt alikitazama kidole chake. Kilikuwa na jamu.

"Kisheria, mama, ndiyo."

Orrin akauliza mbona kampuni za New York zinapokea madau nchi nzima, hata ndani ya ardhi ya kabila. Pruitt akaeleza kwamba zile hazichezeshi kamari. Zile zinaendesha soko la utabiri, ambako mtu hununua hisa ya matokeo ya mechi. Ukumbi mzima uliangua kicheko, Halvorsen akapaliwa na supu. Pruitt naye alicheka sana, kisha akaufunga mtandao wa kabila.

Watu hawakuacha kuja. Siku hizi ni wateja wa soko la utabiri wanaotokea kando ya friji, wakiwa na njaa ileile, huku pesa zao zikienda New York. Verna amenunua sufuria kubwa zaidi.

Kwa kukosa mapato, zahanati haifunguliwi tena Jumatatu. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, basi la kabila linapowarudisha wageni Duluth, Verna hupanda nao kwenda kusafishwa damu hospitali ya huko. Hukaa kiti cha mbele, akawachezesha bingo njia nzima, na anayeshinda humbebea mkoba hadi mlangoni.